Namna ya kujiunga na mafundi wa kujitolea wa ndege za vita, hata kama unachojua ni cherehani

Swali la kwanza ninaloulizwa na Waswahili wenzangu huku Ontario, iwe arusini au kwenye foleni ya duka la nyama halali, ni mshahara. Hakuna. Hulipwi hata senti, na mahali pengi wewe ndiye utakayelipa ada ya uanachama kila mwaka. Swali la pili ni kama mimi ni rubani. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Changamwe. Ufundi nimefunzwa na mama mkubwa aliyekuwa akishona sare za shule, na Jumamosi zangu huwa ndani ya hanga, yaani banda la kuwekea ndege, nikishona bawa la ndege iliyoundwa kabla mama yangu hajazaliwa. Swali la tatu, ambalo huja watu wakishamaliza kucheka, ni "basi na mimi naweza?" Unaweza, na hapa nitakueleza namna ya kuingia na kazi utakayoikuta.

Ujue kwanza ni shughuli gani hii. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, ndege nyingi za kijeshi ziliuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Zilizosalia zilisalia kwa bahati: nyingine zilisahauliwa mashambani, nyingine zikapandishwa juu ya nguzo ziwe kumbukumbu. Lancaster, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, iliyoko Mount Hope, kwenye uwanja wa ndege wa Hamilton, ni mojawapo. Ilitengenezwa Malton, humu humu Ontario, mwaka 1945, nambari yake FM213, na kwa miaka mingi ilikuwa imesimamishwa mjini Goderich, watu wakipiga nayo picha. Jumba la Canadian Warplane Heritage, lililoanzishwa 1972, liliichukua 1977, na watu, wengi wao wasiolipwa, wakaishughulikia mpaka ikaruka tena Septemba 1988. Leo Lancaster zinazoruka duniani ni mbili tu: hiyo, na ile ya jeshi la anga la Uingereza.

Usidhani ni Hamilton peke yake. Tillsonburg kuna chama cha Canadian Harvard Aircraft Association, ambacho kazi yake ni Harvard, ndege ya manjano ya kufundishia marubani. Aliye Uingereza ana jumba la makumbusho la Duxford, na ana East Kirkby kule Lincolnshire, ambako kuna Lancaster nyingine inayowasha injini zake zote nne na kutembea uwanjani huku ikiendelea kutengenezwa. Aliye Marekani atafute tawi la Commemorative Air Force lililo karibu naye. Hao ndio wenye B-29, ndege nyingine kubwa ya mabomu, iitwayo FIFI.

Kubisha hodi

Usiandike barua pepe ndefu. Nenda siku ya wageni, lipa kiingilio, zunguka polepole, kisha mtafute mtu mwenye mikono michafu umuulize ni nani anayesimamia watu wa kujitolea. Ukikutana na huyo msimamizi, usianze na "nimependa ndege tangu utotoni". Kila anayeingia pale anasema hivyo, na haimsaidii kujua akupangie nini. Mwambie mikono yako inajua kazi gani.

Karibu kila ufundi una nafasi yake. Fundi wa mabati atafundishwa kupiga ribiti. Seremala, hasa aliyezoea kuunga mbao za mashua, atapelekwa kwenye mbavu za mabawa ya mbao, na watamshika wasimwachie. Mchomeleaji ana kazi, fundi rangi ana kazi, aliyewahi kuwa karani wa stoo ana kazi kubwa kuliko anavyofikiri, maana hanga lina maelfu ya vipuri ambavyo havitengenezwi tena, na anayejua kipo rafu gani huheshimiwa kuliko rubani. Kama hujui ufundi wowote, sema hujui, utafundishwa. Wazee wa hanga wanapenda sana kufundisha, na wengi wao umri umewatupa mkono, wanajua wakiondoka bila kurithisha kazi itakufa.

Jambo moja kwa kina dada. Hanga la kwanza nililobisha, ambalo sitalitaja, nilipewa fomu ya jikoni kabla sijafungua mdomo. Jikoni si aibu, na kuna wanaoipenda. Lakini kama ulichofuata ni ndege, usitie sahihi kwa haya. Nilishukuru, nikaenda hanga la pili nikiwa na kipande cha turubai mkobani nilichokishona mshono wa kukunja mara mbili, nikakiweka mezani. Yule mzee alivaa miwani, akakigeuza nyuma, akakivuta kwa nguvu zake zote, akaniuliza Jumamosi nina nafasi saa ngapi.

Kama hanga liko ndani ya uwanja unaotumika, utasubiri kitambulisho cha kuvukia upande wa ndege. Subiri tu. Wakati huo nunua ovaroli isiyo na vifungo vya chuma mbele, vinakwaruza rangi, na viatu vya soli ya mpira. Pete, bangili na saa zibaki nyumbani, sarafu zisiwe mfukoni. Mimi hufunga mtandio wa kubana na ncha zote huingia ndani ya ovaroli. Hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu mtandio, ila siku ncha ikichungulia nje naambiwa papo hapo, na wana haki.

Trei, fagio na ubao wa spana

Miezi ya mwanzo hutagusa chochote cha maana, au ndivyo utakavyodhani. Utapewa trei za mafuta. Injini za radiali, zile ambazo silinda zake zimepangwa duara kuizunguka shafti, huvuja zikisimama, na huku kuna mzaha wa siku nyingi kwamba isiyovuja imeishiwa mafuta. Kwa hiyo chini ya kila injini kuna trei, na mtu wa kuimwaga.

Usiimwage kabla ya kuitazama. Angalia mafuta yamedondokea upande gani, yamezidi ya wiki iliyopita au yamepungua, na ndani yake kama mna unga wa chuma unaong'aa ukiinamisha trei kwenye mwanga. Andika kwenye daftari. Mara nyingi dalili ya kwanza ya ugonjwa wa injini huonwa na mwenye trei, si na mwenye leseni.

Ufagio nao usiudharau. Nati iliyoanguka sakafuni ikiokotwa na upepo wa rafadha, zile pangaboi zinazozunguka mbele ya injini, inaweza kutoboa kitambaa cha ndege ya jirani, na bisibisi iliyosahauliwa ndani ya mkia inaweza kuteleza angani ikabana kamba za usukani. Ndiyo maana spana zetu hukaa kwenye ubao uliochorwa umbo la kila moja. Jioni mtu husimama mbele ya ubao akatazama. Pakiwa na umbo tupu, hakuna anayekwenda nyumbani, na ndege iliyofanyiwa kazi siku hiyo hairuki mpaka kifaa kionekane. Nimeona watu wazima wakitambaa sakafuni na tochi kwa ajili ya koleo dogo. Lilipatikana kwenye mfuko wa koti la mtu aliyekuwa akitambaa nao.

Kuzungusha rafadha

Hii ndiyo kazi ya kwanza watakayokuita uifanye ndege inapokaribia kuwashwa, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Ifanye ukiwa umefundishwa na kusimamiwa, si kwa kunisoma mimi.

Harvard ina injini ya Pratt & Whitney Wasp, silinda 9, nguvu ya farasi 600. Ikisimama siku kadhaa, mafuta hushuka taratibu na kujikusanya kwenye silinda za chini, namba 5 na namba 6. Hewa inabanwa, mafuta hayabanwi. Ukiiwasha ilivyo, pistoni inapanda, inakutana na mafuta, haina pa kwenda, na kinachokunjika ni fimbo inayoishika. Pengine haitavunjika siku hiyo. Itavunjika baadaye, juu ya msitu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, injini huzungushwa kwa mkono ili iseme kama ina kitu tumboni.

Fundi mwenye zamu huingia chumba cha rubani akahakikisha swichi ya magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwashia injini, imezimwa, petroli imefungwa, magurudumu yamewekewa vizuizi. Anatamka kwa sauti, nawe unarudia kwa sauti. Hata hivyo ishike rafadha kama iliyo hai, kwa sababu waya mmoja mdogo wa magneto ukikatika, swichi itasoma imezimwa na cheche zitatoka vilevile. Simama sakafu kavu. Weka viganja bapa juu ya pangaboi, vidole visikunjike kwa nyuma. Sukuma ukitembea kando, pita, uondoke, mwenzako ashike pangaboi linalofuata. Mnakwenda kwa foleni, bila maneno mengi.

Sasa sikiliza kwa mikono. Kila silinda inapobana hewa utahisi uzito unaopanda kisha unalegea. Uzito huo ni wa kawaida. Ukihisi imekwama ghafla, ngumu, bila ule ulaini wa hewa, acha, inua mkono, sema. Usiongeze nguvu, wala usimwite kijana mwenye misuli. Na usiirudishe nyuma: ukiirudisha, mafuta yatasukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa, utadhani yametoka, na injini ikiwaka itayavuta tena ndani. Dawa ni kufungua plagi ya chini ya silinda iliyokwama, kukinga mafuta kwenye kopo, na kuanza upya. Kufungua kifuniko na plagi kunachosha na kunachelewesha wageni waliolipia kuruka. Wacha wachelewe.

Kitambaa

Hapa ndipo kwangu, na nitakaa kidogo.

Ndege ya kwanza ya mwanafunzi wa urubani wa vita ilikuwa mara nyingi ya mabawa manne, mawili juu na mawili chini. Kanada walitumia Tiger Moth iliyotengenezwa Downsview, Toronto, na kwa sababu ya baridi ya huku wakaiwekea kifuniko cha kioo juu ya viti, kitu ambacho zile za Uingereza hazikuwa nacho. Bawa lake ni mbao: boriti mbili ndefu za mti wa spruce, mbavu nyembamba zimepangwa kuvuka, na juu yake kitambaa. Hakuna bati. Kinachobeba ndege na watu wawili angani ni kitambaa kilichoshonwa kwenye mbavu, na mshono ukifunguka kitambaa kinanyanyuka, bawa linapoteza umbo.

Siku za vita kilikuwa kitani au pamba, kikapakwa dope, rangi ya kukazia kitambaa, mpaka kikaze. Siku hizi wengi hutumia poliesta iliyoidhinishwa kwa ndege, inadumu zaidi na haiozi. Usije na kitambaa cha dukani. Kila jora lina karatasi zake, na bila karatasi hizo hata kama kitambaa ni kilekile hakiingii kwenye ndege.

Kubandua cha zamani ndiko kunakohitaji subira kuliko yote. Usichane. Kata kando ya mbavu, andika kwa kalamu kila kipande kilikuwa wapi, pima umbali wa mishono ya zamani, piga picha matundu ya kutolea maji na matundu ya ukaguzi. Ile takataka unayoitoa ndiyo ramani yako. Ndani utakuta vumbi, kiota cha panya, na mkojo wa panya ambao umekula gundi na kutia kutu misumari. Baada ya hapo bawa si lako tena kwa muda: linakwenda kwa seremala, na fundi mwenye leseni atakagua kila kiungo kabla halijafunikwa, maana likishafunikwa hakuna atakayeliona ndani kwa miaka. Mbao hupakwa vanishi mpya inayostahimili gundi na rangi zitakazofuata, na kila ncha kali hubandikwa utepe ili isije ikakata kitambaa.

Kuna njia mbili za kufunika. Unaweza kulaza kitambaa juu, ukakibandika kwa gundi kingo zote, kisha ukageuza bawa ukafanya upande wa pili. Au unashona mfuko mzima kwa mashine ukauvisha bawa, kama foronya. Mimi napenda mfuko. Mshono wake ni ule wa kukunja mara mbili, kingo zote zimefichwa ndani, ambao mshonaji wa suruali za kazi yeyote wa Mombasa anaujua. Uvishe usiwe umebana wala usining'inie.

Kisha pasi. Poliesta hii hukazwa kwa joto, lakini si joto la kukisia. Pasi ya nyumbani inasema "sufi" au "pamba", haikwambii nyuzi ngapi. Tunaipima kwa kipimajoto kila siku kabla ya kuanza, tunatia alama kwenye kitasa. Mzunguko wa kwanza ni takriban nyuzi 121 za Selsiasi, bawa zima, pande zote mbili, ili lisivutwe upande mmoja likapinda. Wa mwisho ni 177. Ukizidisha hapo kitambaa hulegea na hakitakaza tena, utakibandua chote. Kikiwa sawa, ukikigonga kwa kidole kinalia, na mbavu zote zinaonekana zimenyooka.

Halafu kushona kwenye mbavu. Bawa linasimamishwa wima kwenye fremu, mtu mmoja upande huu, mwingine upande ule. Sindano ina urefu wa karibu sentimita 30, imenyooka, uzi wake ni bapa na umepakwa nta. Juu ya kila ubavu kwanza hubandikwa utepe wa kuimarisha, ili uzi usije ukakata kitambaa. Unaingiza sindano kando ya ubavu, inatokeza kwa mwenzako, naye anairudisha upande wa pili wa ubavu uleule, nawe unavuta, unafunga fundo, unasogea. Fundo lenyewe ni la kipekee, halitelezi wala halilegei hata mshono wa jirani ukikatika, na usilikaze juu katikati, lilaze pembeni mwa ubavu. Umbali kati ya mishono hauamui wewe. Umo kwenye kitabu cha ndege, na sehemu inayopigwa na upepo wa rafadha mishono husogezwa karibu zaidi.

Mwenzangu wa upande wa pili ni mzee aliyestaafu ualimu wa hisabati, hatuonani tukifanya kazi, tunaona sindano tu. Yeye akiwa tayari husema "out", mimi husema "haya". Sasa na yeye husema "haya".

Usishone ukiwa na haraka, na usishone ukiwa na njaa. Ukiona mkono umeanza kuvuta uzi kwa nguvu zisizo sawa, funga fundo, weka sindano, kaa. Juu ya mishono hubandikwa utepe wenye kingo za msumeno, matundu ya kutolea maji huwekwa mahali pa chini kabisa pa kila chumba cha bawa, na zinakuja tabaka za rangi. Tabaka la fedha usiliruke hata likikuchosha: ndilo linalozuia jua lisile kitambaa. Manjano huja mwisho, na ndipo watu hupita wakasema "mmefanya kazi nzuri", wakisifu rangi.

Nani anatia sahihi

Unaweza kushona miaka kumi na sahihi yako isiwe na nguvu yoyote ya kuruhusu ndege iruke. Huku Kanada anayeiruhusu ni fundi mwenye leseni ya AME, yaani ya matengenezo ya ndege. Marekani ni fundi mwenye cheti cha A&P, yaani cha mwili wa ndege na injini, na ukaguzi wa mwaka una mwenye idhini yake ya ziada. Wewe unafanya kazi chini ya jicho lake. Ukifungua kitu, unaandika. Ukifunga, unaandika. Kazi yoyote iliyogusa usukani au vidhibiti vya injini lazima ikaguliwe na watu wawili, kila mmoja kwa macho yake, wote watie sahihi.

Wapo wanaoona karatasi hizi kama usumbufu wa serikali. Mimi siwaelewi. Mwaka 2005 Harvard ya Kimarekani, wao huiita T-6, iling'oka bawa angani huko Florida, na wakubwa wa usafiri wa anga wa Marekani wakaamuru vyuma vya pembe vinavyounga mabawa vikaguliwe nyufa, na ukaguzi urudiwe kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Unapaka rangi ya kupenya, unafuta, unamulika kwa taa maalumu, ufa unajitokeza kama uzi. Huwezi kujua ni lini ukaguzi mwingine unafika kama hakuna aliyeandika ndege imeruka saa ngapi.

Vitu vya kuogopa

Saa za vipimo za zamani za chumba cha rubani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zisomeke gizani. Hazing'ai tena, lakini sumu ingalimo. Usifungue kioo, usikwangue, usipulize vumbi. Rangi ya kijani-manjano iliyo ndani ya ndege za bati ina kromati, na vumbi lake husababisha saratani. Usiipige msasa kavu, na usidanganywe na mzee atakayekwambia ameivuta miaka hamsini na yuko salama. Vipande vya kuzuia joto karibu na injini vinaweza kuwa na asbesto. Dope ya zamani huwaka kama petroli. Watu wa Hamilton wanajua moto unafanya nini: Februari 1993 hanga la Canadian Warplane Heritage liliungua na ndege tano zikateketea, Spitfire na Hurricane zikiwamo. Matambara yenye rangi au vanishi yatie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, kila jioni, hata kama ni tambara moja.

Mgeni akikuuliza

Siku za wageni utasimama kando ya ndege uzieleze. Hapa wengi husoma bango na kunyamaza. Mimi nadhani tunaotoka Afrika Mashariki tuna la kuongeza, na sioni sababu ya kulimeza.

Harvard ninayoizungushia rafadha ni ndugu wa zile ambazo RAF, jeshi la anga la Uingereza, walizileta Kenya mwaka 1953 kutoka Rhodesia Kusini, kikosi cha 1340 Flight, zikaruka kutoka Thika na baadaye Mweiga karibu na Nyeri, zikidondosha mabomu ya ratili 20 kwenye msitu wa Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya Mau Mau. Mabomu makubwa yalikuja na ndege za Lincoln kutoka Eastleigh, na Lincoln ilizaliwa kutokana na Lancaster. Canso ya Hamilton nayo ni Catalina, ndege inayotua majini, kwa jina la Kikanada, aina ileile iliyokuwa ikielea Kipevu, Mombasa, wakati wa vita, ikitoka kuwinda nyambizi za Kijapani na Kijerumani kwenye Bahari ya Hindi. Mimi nimekulia juu ya Kipevu. Watoto tulijua matangi ya mafuta na meli, hakuna aliyetuambia habari za ndege.

Nikimweleza mgeni wa Kikanada, siinui sauti wala simlaumu. Namweleza ndege hii ilimfundisha babu yake kuruka, na ndege kama hii ilimpiga bomu babu ya mtu wa Nyeri, na zote mbili ni kweli. Wengine huondoka haraka. Wengine hukaa nusu saa. Msimamizi wetu aliponisikia mara ya kwanza alifikiri kidogo, kisha akaniomba nimwandikie tarehe na majina ya mahali ili na wengine wayaseme sawasawa.

Kuhusu kuruka kwenyewe

Najua ulikuwa unangoja hapa. Harvard ina viti viwili, na cha nyuma ndicho kinacholisha hanga: wageni hulipia safari fupi, na pesa zile hununua petroli, maana injini ile hunywa zaidi ya lita 100 kwa saa. Wa kujitolea naye anaweza kupata kiti, kila hanga lina utaratibu wake, na mara nyingi hutazamwa saa ulizofanya kazi. Usiulize mwezi wa kwanza.

Kuwa rubani wa ndege hizi ni habari nyingine. Nao hujitolea, wengi wamestaafu kwenye mashirika ya ndege. Harvard ina gurudumu dogo mkiani, pua imeinuka, rubani akiwa ardhini haoni mbele, kwa hiyo hutembea kwa kupinda huku na huku kama anayetafuta kitu alichoangusha. Ikitua, mkia hutaka kutangulia. Leseni pekee haitoshi. Bima hutaka saa nyingi kwenye ndege za aina hiyo, na saa hizo ni ghali. Ukiwa kijana na nia unayo, anza leseni yako sasa na huku ukija hangani, watakukumbuka.

Wakati mzuri wa kuanza ni Novemba. Kiangazi kila mtu yuko kwenye maonyesho na hakuna mwenye nafasi ya kukufundisha. Theluji ikianguka ndege huingia ndani, vifuniko hufunguliwa, na kazi huwa nyingi kuliko mikono. Njoo saa tatu asubuhi, vaa soksi mbili kwa sababu sakafu ya saruji inapitisha baridi, leta miwani yako ya kusomea kama unaitumia, na chakula chako cha mchana. Chai ipo, ila ni ya mfuko ndani ya maji ya moto, bila tangawizi wala hiliki. Mimi hubeba chupa yangu, na sasa hivi naambiwa nibebe kubwa zaidi.